Mashine Haikitambui Kidole cha Karafuu

Ndugu Wanachama,

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya majamvi na maturubali ya kuanikia, kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza. Nitaliweka jambo hilo mpaka toleo lijalo, maana liko lililonishughulisha zaidi, nalo ni kidole cha mzee mmoja katika sisi.

Mzee huyu ameniruhusu niyaeleze yaliyomfika, ila jina lake nisilitaje. Msimu uliopita alikodisha mikarafuu yake. Yule aliyeikodi alimlipa nusu mkononi, na nusu ya pili akampelekea kwa simu, kama ifanyikavyo siku hizi. Kabla mzee hajazitoa fedha zile, simu ikamtumbukia kisimani. Simu yenyewe si kitu, hununuliwa nyingine. Lakini fedha zilikuwa kwenye laini. Akaambiwa laini hurudishwa, bali sharti aweke kidole juu ya mashine ijulikane kuwa ni yeye.

Akaweka. Mashine ikakataa. Akaambiwa akanawe kwa sabuni, akanawa, ikakataa. Akaambiwa apake mafuta kidogo kisha afute kwa kitambaa. Ikakataa vidole vyote kumi, kimoja kimoja, na watu nyuma yake wakinung'unika. Akaenda Wete, na kutoka Wete akatumwa Chake Chake. Huko akaambiwa arudi Jumatatu kwa kuwa mtandao umelala. Jumatatu mtandao ulikuwa macho, vidole ndivyo vilivyolala. Nauli peke yake, alipoihesabu mbele yangu, ilikuwa imekwisha kula zaidi ya kilo moja ya karafuu kavu.

Kusajili laini za simu kwa alama za vidole kulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Sababu yake naifahamu na siipingi. Wako watu wanaotumia laini zisizo na mwenyewe kuwapigia wazee wetu na kuwadanganya kuwa wametumiwa fedha kwa makosa, wazirudishe upesi. Mwenye kutaka kuwazuia wezi hao simlaumu.

Lakini ni nani aliyekumbuka kazi yetu? Kila aliyepata kuchambua karafuu anajua. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja kikasuguliwa kwenye kiganja cha pili, karafuu zikaachana na makonyo, na kazi hiyo huendelea mpaka usiku kwa mwanga wa taa, pakacha baada ya pakacha. Mzee huyu ameifanya kwa miaka hamsini. Mashine ile husoma vituta vidogo vidogo vya ngozi ya kidole, na vituta vikilika hakuna cha kusoma. Uzee nao huikausha ngozi. Basi tabu hii si yetu peke yetu: mwashi ataipata, na bibi anayelima mwani, ambaye mikono yake hushinda katika maji ya chumvi. Yaani aliyefanya kazi sana ndiye mashine isiyemjua.

Na hayo yote yangevumilika. Lililoniuma ni hili. Kijana aliyekuwa na mashine, katika duka la kwanza, ni mtoto wa jirani yake. Alimwamkia shikamoo, akamwita babu, akamuuliza khabari za mkewe na mguu wake unaomsumbua. Kisha akamwambia, "Babu, mfumo haukubali kuwa wewe ni wewe."

Sikumlaumu kijana. Hana uwezo wowote, na angefanya kinyume angefukuzwa kazi. Lakini neno lile "mfumo" limekuwa pazia katika kila afisi tunayoingia. Zamani ukinyimwa haki yako ulijua umenyimwa na nani. Ulimwona usoni, ulimwendea nyumbani kwake jioni, ukapeleka na mtu mzima wa kukusemea. Leo anayekataa haonekani. Ukiuliza ni nani mkubwa wa mfumo, unapewa namba ya kupiga, nayo huimba muziki mpaka salio likaisha.

Tusidanganyane kuwa tunachukia mashine. Mizani tunayopimia karafuu nayo ni mashine, na sote twaitumia. Iwe ya mshale au ya tarakimu, wasimama mbele yake na kuiangalia. Ukishuku wamwita karani, na gunia hurudiwa kupimwa mbele ya macho yako na ya wenzako. Mizani ikikosea, yuko wa kuulizwa. Basi mashine ya vidole ikikosea, ni nani wa kuulizwa?

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana huwezi kulaumu afisi za watu na yako ukaisahau. Mimi ndiye niliyeshikilia Jumuiya iwe na kundi la WhatsApp. Niliwaambia kwenye mkutano kuwa khabari zitafika upesi. Kweli zilifika upesi! Msimu uliopita liliingia neno kuwa bei itapandishwa wiki ijayo, limepitishwa kutoka kundi jingine, na kabla ya hapo kutoka kundi jingine tena. Wanachama wakaziweka karafuu zao majumbani. Wiki ikapita, na ya pili, bei ikawa ile ile. Mvua iliwakuta wengine wakiwa wamejaza ndani hata pa kuanika pakawa hapana, karafuu zikapata ukungu zikashuka daraja. Wachumaji walikuwa wakidai ujira wao kila jioni, na yuko mwanachama aliyekopa unga dukani hali magunia yamo chumbani mwake. Nikamtafuta aliyeandika neno lile. Kila mmoja akanambia yeye alipeleka tu. Nami pia nilikuwa nimelisoma, nikanyamaza nikidhani mwingine analijua. Dini yetu yatuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuieneza, na mimi niliyelijua hilo tangu chuoni sikulifanya.

Wako wanachama wanaosema turudi kwenye fedha za mkononi na simu tuziache. Sikubaliani nao. Fedha za mkononi zilikuwa na khatari zake njiani, na mjane ambaye mwanawe yuko Maskati au Dar es Salaam leo hupata matumizi yake bila ya kumwomba mtu amletee. Neema hiyo hatuwezi kuitupa. Tunalolitaka ni njia ya pili pale ya kwanza inapofungika.

Na hufungika, tena si kwa wazee peke yao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikataabika. Umeme nao ndugu zetu wa Unguja waliukosa kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Sisi Pemba twaupata kwa waya unaopita baharini kutoka Tanga tangu mwaka 2010.

Njia ya pili twaijua tangu zamani. Deni huandikwa na kushuhudiwa na watu wawili, na ndoa hufungwa mbele ya mashahidi wawili. Ikiwa mashahidi wawili wanatosha kumpa mtu mke, kwa nini wasitoshe kumrudishia laini ya simu? Najua nitajibiwa kuwa mashahidi husema uongo. Ni kweli, wako. Lakini shahidi mwongo ana jina na ana nyumba, hushitakiwa. Naomba basi kila mahali panapotakiwa kidole, mwenye kidole kilicholika akubaliwe kwa kitambulisho chake, na sheha wake, na mashahidi wawili, na awepo mtumishi mwenye jina atakayetia sahihi ya kukubali au ya kukataa. Akikataa, aandike sababu.

Mzee wetu alipata laini yake mwishowe. Alipumzika kuchambua kwa muda wa wiki mbili, akaenda tena, na binti mmoja mwenye subira akajaribu kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto mara saba mpaka kikakubaliwa. Fedha zilikuwemo, ila wachumaji wake alikuwa amekwisha kuwalipa kwa kuuza mbuzi.

Kabla ya mkutano ujao nataka majina ya wanachama wote ambao vidole vyao vimekataliwa, wa kike kwa wa kiume, pamoja na mahali na siku. Asiyeweza kuandika aje, nitamwandikia mimi. Niko afisini kila Jumamosi asubuhi. Majina hayo nitayaambatisha na barua itakayosomwa mbele yenu kabla ya kupelekwa. Ama bei, tangu sasa itaandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio mlangoni kwetu, na chini yake jina la aliyeiandika na siku aliyoipata.

Katibu wa Jumuiya