Mnara wa moto Hoima na jiko la Lumemo

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, gesi ya mitungi tunayopikia inaagizwa kutoka nje. Kule Lumemo, Ifakara, familia nyingi bado zinategemea kuni na mkaa, ingawa mkakati wa Serikali wa 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Jirani yetu Uganda alitia saini Machi 2025 na kampuni ya Alpha MBM ya Dubai kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta Kabaale, Hoima, mapipa 60,000 kwa siku. Viwanda vya namna hii huwa na mnara wa kuchomea gesi. Kazi yake ni dharura: shinikizo likizidi, gesi ichomwe isije ikalipuka. Ubaya ni kuugeuza jaa la kila siku. Moto ukikosa hewa hutoa masizi. Mvuke wa kuondoa masizi ukizidi, moto hupoa, na gesi hupaa bila kuungua. Ikiwa ni methani, kwa miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

Dawa yake inajulikana: mita kwenye bomba la mnara, mwali wa kuwashia usiozimika, na kompresa ya kuirudisha gesi kiwandani iwashe matanuri, au iliyo nzito ijazwe mitungini. Haitafika Lumemo kesho, hilo tunalijua. Lakini kuichoma bure ni israfu, na kompresa ni rahisi kuidai sasa kabla zege halijamwagwa. Vipimo vya mita navyo viwe wazi, wakazi wa Kabaale wavisome.