Radio ya Leta ni ya nani?

Siku moja, mu kartie moja pembeni ya muji wetu wa Lubumbashi, kampuni moja ya madini iliita watu kwa mukutano. Ilitaka kuonyesha bomba la maji iliyowapa wakaaji. Wakubwa walikaa chini ya hema, siye wengine tukasimama kwenye jua. Gari ya kampuni ikafika. Wakashuka mukurugenzi, wasaidizi wake, na pamoja nao mwandishi wa habari na mikro yake.

Mukurugenzi akasema. Mukubwa wa kartie akasema, akashukuru. Kisha mama moja akainua mukono: « Naomba niseme kidogo, baba. Mayi ya kisima chetu inabadirika rangi. Watoto banaumwa tumbo. Tunywe nini mpaka hii bomba itaanza kutoa mayi? » Mwandishi alikuwa amekwisha kufunga mikro. « Tumeisha maliza, mama. Gari inatungoja. »

Magaribi tukafungua radio. Habari ilikuwa hii: wakaaji wa kartie wamefurahi sana. Nilimufikiria ule mama nyumbani kwake, anapika bukari ya watoto, na radio inamwambia kwamba amefurahi.

Simulaumu ule kijana peke yake. Tuseme wazi: waandishi wengi hapa kwetu wanafanya kazi na mushahara mudogo, wengine hawana hata huo. Anayeita mukutano njo analipa transpori, njo anatoa ile bahasha wanayoita « coupage ». Na mwenye kulipa njo anachagua nani atasema.

Jambo hili lina mizizi. Mwaka 1957 Union Minière ilianzisha gazeti lake Mwana Shaba, la watumishi na jamaa zao, na kisha Gécamines ikaliendeleza. Lilikuwa gazeti la kampuni na kila mutu alijua. Taabu inaanza pale radio ya watu wote inasema kama gazeti la kampuni, na hakuna anayetuambia.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba radio ya Leta ni mudomo wa waziri na wa guvernera. Katiba ya 2006 inasema vingine. Kifungu cha 24 kinasema kila mutu ana haki ya kupata habari, na kwamba vyombo vya habari vya Leta ni huduma ya watu wote. Milango yake inapaswa kufunguka kwa usawa kwa mawazo yote ya siasa na ya jamii. Basi RTNC ni ya ule mama pia.

Najua mutaniuliza: « Hiyo demokrasia ya radio itatupa bunga? » Najibu kwa hesabu. Kode ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya redevansi, zile pesa kampuni zinalipa juu ya madini zinazouza. Kwa kila franga 100, Leta ya Kinshasa inapata 50, jimbo 25, na mufuko wa vizazi vitakavyokuja 10. Franga 15 zinazobaki ni za komini, sekta ao uchifu kule wanakochimba. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji, na kuandikiana nao « cahier des charges »: masomo, barabara, maji, hospitali.

Wangapi kati yetu tunajua hesabu hii? Ni mara ngapi umesikia burgumestri anaulizwa kwenye radio, kwa Kiswahili: zile 15 zilifika? Zilinunua nini? Kreseri anajua bei ya muzigo wake hata akiwa amelala, lakini sehemu ya komini yake hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa Novemba 2025 tuliona vile ukosefu huo unaumiza. Maji machafu yalitoka kwenye bwawa la kampuni CDM, yakaingia kati ya nyumba za watu mu komini Annexe. Waziri wa Madini, Louis Watum, akasimamisha kazi za kampuni kwa miezi 3. Picha za simu zilitembea haraka kuliko maji yenyewe. Lakini picha ya simu haipimi kisima, na hairudi kisha mwezi. Kuna mutu anapaswa kuuliza nani alipima maji, alikuta nini, nani alilipwa na nani alisahauliwa. Kisha atueleze kwa Kiswahili cha soko, siyo kwa Kifaransa cha komunike. Ile njo kazi ya mwandishi.

Na ni kazi ya hatari. Serge Maheshe mwaka 2007, kisha Didace Namujimbo mwaka 2008, wote wawili wa Radio Okapi, waliuawa kwa risasi kule Bukavu. Kwa hiyo tusimuache peke yake mwandishi anayeuliza.

Naomba mambo matatu. La kwanza, RTNC ya hapa itupatie saa moja kila juma, kwa Kiswahili chetu, na ifanyike mu kartie: juma hili Ruashi, lingine Katuba, lingine Kipushi. Wakaaji waulize, mukubwa ajibu, na kisha mwezi mikro irudi kuona kama alichoahidi kimefanyika.

La pili, transpori ya mwandishi ilipwe na radio. Na kama alipanda gari ya kampuni, atuambie hewani, ili tujue tunasikiliza nini.

La tatu ni letu. Mukisikia mukutano unakuja, mukae mbele kidogo, muandike maswali, muchague mama moja na kreseri moja wa kuyasema. Mushike tarehe ambayo kisima kilibadilika, na majina ya waliokuja kupima. Na radio ikisema mumefurahi wakati hamukufurahi, muende hata watu watano kwenye mulango wake, kwa heshima, muombe isahihishe. Haki ya kujibu iko mu sheria.

Ule mama anakaa bado mu kartie ile. Hakuomba kiti chini ya hema. Aliomba dakika moja. Siku radio ya Leta itamupa ile dakika, na mukubwa atabaki pale kumujibu, hapo nitajua kwamba Leta ni siye pia.