Vita ya Kagera Haikuwa na Kadi ya Chama



Julai 25 iliyopita, Siku ya Mashujaa, nilikuwa likizo nyumbani Iramba, Singida. Kijijini kulikuwa na mkutano mdogo wa kumbukumbu. Kiongozi mmoja wa chama tawala (simtaji, maana maneno yake yanasemwa na wengi) alisimama, akanyoosha mkono kwenye mstari wa mbele walikokaa wazee. Akasema hawa ndio waliopigana, hawa ndio chama, na hao vijana wa upinzani wanaopiga kelele mitandaoni hawajui nchi hii ililindwa na nani. Watu wakapiga makofi.

Mmoja wa wazee wale ni mwalimu wangu wa darasa la nne. Yeye hakupiga makofi. Aliegemea fimbo yake akitazama chini, kama mtu anayesahihisha daftari lenye makosa mengi.

Jioni nilikwenda kwake. Shikamoo Mwalimu, marahaba wakili. Nilimwomba ruhusa niandike habari zake. Akanijibu: "Andika. Jina langu usiliweke, na usizidishe." Basi jina siweki, na sizidishi.

Mwalimu alizaliwa mwaka 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Hakuwa mwanajeshi wa kuajiriwa. Alikuwa mgambo wa kijiji, kijana wa jembe aliyefundishwa kwata na kulenga shabaha. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakakalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Ile hotuba ya uwezo, sababu na nia tumeikariri wote. Lakini jiulizeni, huo uwezo ulitoka wapi? Jeshi la wakati wa amani halikutosha. Uwezo ulikuwa ni vijana kama Mwalimu, maelfu kwa maelfu, waliopandishwa malori na treni kwenda sehemu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona hata kwenye ramani.

Yeye alipelekwa Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi. Masaka ilianguka Februari 1979. Kutoka pale barabara ya Kampala inapita Lukaya, na baada ya Lukaya inakatiza kinamasi kirefu. Usiku wa Machi 10 walikutana na majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya. Maroketi yakaanza kushuka.

Nilipokuwa darasa la nne tulimuuliza, "Mwalimu, ulifanyaje?" Tulitaka hadithi ya ushujaa. Akasema, "Tulikimbia. Usiku ule tulikimbia. Kulipokucha tukapangwa upya, tukarudi."

Darasa zima kimya. Hatukujua kwamba mtu mzima anaweza kusema alikimbia. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya historia na porojo. Porojo huwa haina usiku ule wa kukimbia. Wanaotupigia kelele za uzalendo leo wana vita isiyo na hofu, isiyo na makosa, isiyo na maiti zilizoachwa kinamasini. Mwalimu, aliyekuwepo, ana vita yenye vyote hivyo. Na Kampala ilianguka Aprili 11 hivyo hivyo.

Alirudi nyumbani mwaka 1980. Pensheni ya jeshi hakupata. Mgambo alikuwa mgambo, ukimaliza kazi unarudi kwenye jembe lako. Nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, na ile miezi haikuisha. Sabuni hakuna, sukari kwa mgao. Wakati huohuo Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeleta Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, shule zimejaa watoto na walimu hawatoshi. Akajiandikisha kuwa mwalimu wa UPE: elimu ya darasa la saba, mafunzo huku unafundisha. Watu waliwacheka walimu wale, na wengine wanawacheka mpaka leo. Yeye alisoma usiku kwa koroboi, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa na watoto watatu, mwishowe akafika Daraja la Tatu A.

Nilimuuliza kwa nini ualimu. Akaniambia kule vitani kulikuwa na vijana waliokuwa wanamletea barua za nyumbani awasomee, na yeye ndiye aliyekuwa anawaandikia majibu. Wengine majibu yao yalifika wakiwa wameshakufa. "Nikaona nikirudi salama, nifundishe watu wasome barua zao wenyewe." Ndiyo sababu yake yote. Alifundisha hivyo kwa karibu miaka 38. Chaki alikuwa anaikata vipande vitatu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa na MMEM ikaanza mwaka 2002, darasa lake lilipita watoto 100, wengine wamekaa sakafuni, na bado alikuwa anajua jina la kila mmoja.

Sasa turudi kwa yule kiongozi. Amesema wazee hawa ndio chama. Mimi nasoma sheria, naomba nimjibu kwa Katiba anayoapa kuilinda.

Ibara ya 28 ya Katiba ya 1977 inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Kila raia. Haisemi kila mwanachama. Ibara ya 147 inapiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Najua mwaka 1978 chama kilikuwa kimoja, na Mwalimu ana kadi yake tangu 1977. Lakini hiyo ni sababu ya kuwa makini zaidi. Kama wote walikuwa chama kimoja kwa mujibu wa sheria, basi huwezi leo kukihesabia chama kimoja damu ya wote. Aliyekufa Lukaya hakuulizwa mwaka 1992 angekwenda chama gani.

Halafu kuna jambo la Novemba 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa. Kijana wetu mmoja, dereva wa bodaboda, aligombea uenyekiti wa kitongoji kwa tiketi ya chama chetu. Fomu ikarudi: ameenguliwa, hajui kusoma na kuandika. Jamani! Huyu kijana alifundishwa na Mwalimu kuanzia darasa la kwanza. Mwalimu alivaa koti lake, akaongozana naye hadi ofisini. Akawaambia, "Huyu nilimfundisha mimi. Mpeni karatasi aandike mbele yenu." Hawakumpa karatasi. Wakamwambia mzee, mambo ya siasa yaache. Vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa kwenye uchaguzi ule, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji.

Yaani mzee yuleyule ni shujaa anapokaa mstari wa mbele akinyamaza, lakini akisimama kusema ukweli anaambiwa aache siasa. Huo ndio uzalendo wao: wanautaka uso wa mzee, sauti yake hawaitaki.

Na pensheni? Tuongee kwa hesabu, siyo kwa hasira.

Mwalimu alistaafu mwaka 2018, wakati sheria mpya ya mifuko imeanza na kanuni zikataka mstaafu apewe mkupuo wa asilimia 25. Watumishi wa kundi lake walikuwa wamezoea asilimia 50. Kelele zikawa kubwa, na Desemba 28, 2018 Rais Magufuli akasimamisha, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee mpaka 2023. Mwalimu akapata nusu yake, akaezeka nyumba. Mke wake, naye mwalimu wa shule ileile, alistaafu Agosti 2022. Mwezi mmoja kabla, Julai 2022, kikokotoo kipya kilikuwa kimeanza: asilimia 33. Nyumba moja, kazi moja, hesabu mbili. Mashine ya kusaga aliyoipanga mama yule kwa miaka 10 hajainunua. Mwaka 2024 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50. Afadhali, lakini nusu bado haijarudi.

Serikali ina hoja yake na tuisikilize. Inasema mkupuo ukipungua, pensheni ya kila mwezi inaongezeka, na mzee hataishiwa. Ni kweli, sehemu inayolipwa kila mwezi ilitoka asilimia 50 ikawa 67. Lakini kikotoo chenyewe nacho kilihama kutoka 1/540 kwenda 1/580, maana yake mwezi uleule wa kazi unahesabiwa kwa thamani ndogo zaidi. Na swali kubwa linabaki: nani aamue, aliyechangia au aliyetunza?

Hapa ndipo sisi vijana tunapokosea tunaposhangilia matamko. Mwaka 2018 haki ilirudishwa kwa tamko. Kinachorudishwa kwa tamko kinachukuliwa kwa tamko, na kweli kilichukuliwa. Viwango hivi viko kwenye kanuni zinazotungwa na waziri. Tudai viwekwe ndani ya sheria yenyewe, vibadilishwe na Bunge hadharani, na visimguse aliyekaribia kustaafu. Hilo ndilo dai. Liandikeni kwenye mabango yenu.

Lakini makamanda, na sisi tujisahihishe. Nikiwa kidato cha tano niliwahi kuandika kwenye kundi letu kwamba wazee ni kizazi cha kofia na kanga, wamenunuliwa kwa pilau. Nilipata "like" nyingi. Nilipokwenda likizo Mwalimu alikuwa ameshaonyeshwa na mjukuu wake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kofia yangu umeiona lini?" Sikuwa na jibu. Sijawahi kumwona na kofia ya chama chochote. Nilikuwa nimemtukana mtu aliyenifundisha herufi nilizotumia kumtukana.

Tunaitana makamanda sisi, ambao vita yetu kubwa ni bando kuisha. Yeye aliyetembea kwa miguu kutoka mpakani hadi ng'ambo ya Masaka hajawahi kuitwa hivyo, na hataki. Anaitwa Mwalimu. Tukiendelea kuwatukana wazee hawa, tunawakabidhi bure kwa watu wanaowatumia. Kila tusi letu ni mkutano mmoja wa kampeni kwa wenzetu.

Kwa hiyo kazi ni hii. Kila mwenye simu yenye kinasa sauti, mtafute mzee mmoja wa Kagera kijijini kwako, mwombe ruhusa, mrekodi. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule wanakaribia 70 sasa, na wengine wameshatangulia. Usimuulize kadi yake. Muulize alikuwa brigedi gani, alimpoteza nani, alirudi akafanya kazi gani, pensheni yake imefika au haijafika. Mpelekee sukari.

Kabla sijarudi chuo nilimsomea Mwalimu rasimu ya makala hii. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama bado ataipigia kura ile kadi yake ya 1977. Akacheka, akasema kura ni siri, hilo nalo alitufundisha darasa la tano kwenye uraia. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akanisahihishia sehemu mbili nilizokosea "l" na "r", akaandika pembeni: Vizuri. Ongeza bidii.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu.