Somo la uraia skulini: mtoto wetu anafundishwa nini, na nani anayemfundisha?



Mtoto aliyezaliwa Unguja au Pemba mwezi wa Julai 2010, pale Wazanzibari walipopiga kura ya maoni kuridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, sasa yuko sekondari. Inshaallah uchaguzi wa 2030 utamkuta ana miaka 20. Muulize mihimili ya dola, atakutajia yote mitatu. Muulize tarehe za Mapinduzi na Muungano, atakwambia 12 Januari na 26 Aprili 1964 bila kusita. Lakini muulize mwakilishi ana tofauti gani na mbunge, sheha anapaswa kumfanyia nini mwananchi, au kesi gani zinapelekwa kwa kadhi. Wengi watakutizama tu.

Tusiwalaumu walimu peke yao. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na Taasisi yake ya Elimu. Lakini elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Tanzania ni mambo ya Muungano, na karatasi ya kidato cha nne inatoka huko. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hufundisha kitakachoulizwa, na mzazi naye huangalia matokeo. Hivyo mtoto wa Wete anaweza kupasi vizuri bila ya kuifungua hata mara moja Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo sura yake ya tatu ndiyo inayotaja haki zake na wajibu wake.

Kuna na suala la lugha. Sekondari, uraia umezoeleka kusomeshwa kwa Kiingereza. Kijana anakariri haki zake kwa lugha ambayo hataitumia atakaposimama mbele ya sheha, polisi au hakimu. Bara, mageuzi ya mitaala ya 2023 yameleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Mtu anaweza kubishana na yaliyomo, lakini kwa upande wa lugha uamuzi huo ni wa busara, na sisi tunaojisifu kuwa wenye Kiswahili tulitakiwa tuwe wa mwanzo.

Pengo hilo halibaki tupu. Kijana anaujua uraia wake kutoka barazani, kwenye simu na kwenye mikutano ya vyama, na huko hafundishwi kuwa raia. Anafundishwa kuwa mtu wa upande fulani. Wenye umri mkubwa wanaikumbuka miaka baada ya uchaguzi wa 1995, watu walipofika hadi ya kususiana mazishi, harusi na hata kununua dukani kwa jirani, na khasa Pemba. Damu ya Januari 2001 ilimwagika katika hali hiyo. Maridhiano ya Novemba 2009 yalizima mengi, lakini uchaguzi wa 2015 uliofutwa na kurudiwa Machi 2016 ulionesha kuwa makaa yalikuwa bado yana moto. Mtoto asiyesomeshwa historia hii kwa utulivu, ataipokea kwa hasira ya mtu mwengine.

Baadhi ya wazazi huuliza kama inafaa mtoto wa Kiislamu kusomeshwa katiba zilizotungwa na watu. Kuijua sheria inayokuhukumu si kuiabudu. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliandikiana mkataba na wakaazi wake, wakiwemo Mayahudi, ukaeleza nani anamlinda nani na nani anabeba dhamana gani. Suratul Maaida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi. Sasa utatimizaje mkataba usioujua? Na binti anayekaribia kuolewa, kuijua Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, kutamsaidia katika ndoa, talaka, matunzo na mirathi pengine kuliko masomo yake mengi ya darasani.

Lipo jambo ambalo skuli haiwezi kulifanya ikiwa nyumbani tunalivunja. Katika chaguzi kadhaa yamesikika malalamiko ya watoto wasiofika miaka 18 kuandikishwa kupiga kura. Mtoto hajipeleki mwenyewe. Yupo mtu mzima aliyemwambia aseme ana 18, na mwengine aliyethibitisha. Huo ni ushahidi wa uongo, ambao Mtume (S.A.W.) aliuhesabu katika madhambi makubwa na akaurudia kuutaja mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Haubadiliki kuwa halali kwa sababu chama unachokipenda kitafaidika. Ustadh chuoni anaweza kulisomesha hili vizuri kabisa, katika darasa la amana na shahada, bila ya kutaja chama chochote; na akiona hawezi kujizuia kutaja chama, basi bora aliache.

Skuli nazo zinaweza kuanza bila ya kusubiri mtaala mpya. Sheha yuko jirani, aalikwe aeleze kazi zake na aulizwe maswali. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waoneshwe fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwani wakifika 18 bila ya kitambulisho hicho hawataweza kuandikishwa katika daftari la wapiga kura wa Zanzibar. Kamati za skuli zina wazazi ndani yake, na ombi kama hilo linaweza kupelekwa katika kikao chao kijacho.