Pini ya tela haipimwi kwa uzoefu

Eti ukaguzi wa matela ya korosho Newala usubiri msimu uishe: lori likizuiwa, mzigo unachelewa kufika Mtwara, mkulima anachelewa kulipwa, na dereva mzoefu analijua gari lake. Hofu ya malipo ina msingi, basi ukaguzi ufanywe Septemba, kabla ya minada ya Oktoba. Atakayeleta tela bovu Novemba kajichelewesha mwenyewe.

Huyo dereva mzoefu ndiye kichekesho cha hoja nzima. Pini ya inchi mbili inayoshika tela kwenye kichwa cha lori ina kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya; ikilika hadi 49, hutupwa. Tofauti haifiki milimita mbili, nayo imejificha chini ya tela, ndani ya grisi. Uzoefu gani huo unaopima chuma kwa kukalia kiti? Tunaambiwa pia kwamba tela likichomoka na bomba la upepo likakatika, breki za tela hujifunga zenyewe. Naam, kama springi ni nzima na ngoma hazijachemka kwa kuteremka uwanda wa juu wa Makonde na shehena kamili. Na kuichomelea pini iliyolika si matengenezo, maana joto huharibu uimara wa chuma. Pini hubadilishwa. Mwenye lori asiyeiweza gharama hiyo aache kubeba korosho za watu.