Mpira Haumfelishi Mwanachuo

Matokeo ya muhula yakitoka na mchezaji akakutwa na sapu mbili, hukumu huwa tayari: mpira umemponza. Jirani yake wa chumba cha pili ana sapu nne, hajawahi kuvaa njumu maishani, na hakuna anayeuliza yeye kaponzwa na nini. Wazazi, wahadhiri, hata wanafunzi wenyewe wameshika kwamba mshika mbili moja humponyoka, hivyo mwanachuo mwenye klabu achague moja: jezi au shahada. Imani hii ni potofu, na inawaumiza vijana wetu.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Klabu ya kawaida hufanya mazoezi jioni tatu, saa mbili mbili, na mechi ya mwisho wa wiki pamoja na safari inakula saa tano. Jumla 11. Toa 56 za kulala na 25 za vipindi, zinabaki 76. Hata ukiondoa kula, kufua na kusubiri daladala, anayekosa humo saa 20 za kujisomea asiusingizie mpira. Saa zake ziko kwenye simu, kwenye mikeka ya kubeti na kwenye vijiwe visivyokwisha.

Na mifano ipo. Mkimbiaji wa Tanzania, Suleiman Nyambui, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas, alipotuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mkenya Henry Rono alikuwa anasoma Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978. Utaniambia hao walikuwa na vipaji vya ajabu. Sawa, lakini pia vyuo vyao viliwachukua vikijua ni wanariadha. Leo kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani zinaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na anayezembea masomo anazuiwa kucheza. Huko wamekubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, wakaweka utaratibu.

Hapa kwetu, Alhamisi usiku mhadhiri anatangaza kwenye grupu la WhatsApp la darasa: testi Jumamosi, saa 3 asubuhi. Binti wa netiboli ana mechi ya ligi siku hiyo hiyo, na ratiba ya ligi ilitoka mwezi uliopita. Anakwenda ofisini kuomba afanye Jumatatu. Anajibiwa, "Kwani umekuja chuo kucheza?" Mgonjwa ana karatasi ya daktari, mfiwa anasikilizwa, mchezaji hana hata fomu ya kujaza. Akienda kwenye testi, kocha anamweka benchi. Akienda kwenye mechi, anapata sifuri ya kozi weki, na sapu inamfuata. Nyumbani nako wanamwambia aache, maana binti ndiye huambiwa wa kwanza. Ratiba mbovu imemfelisha, lawama anabebeshwa yeye na mpira wake.

Makocha nao wana lao. Yupo anayebadili saa ya mazoezi usiku wa kuamkia siku yenyewe, halafu anamwita mtovu wa nidhamu kijana aliyekuwa maabara. Klabu inayofanyisha mazoezi asubuhi na jioni na kulipa mshahara ni habari nyingine. Hiyo ni ajira, na aliyeajiriwa hivyo ni bora aahirishe mwaka kuliko kubabaisha huku na huku.

Wakuu wa vyuo, tangazeni tarehe za testi wiki ya kwanza ya muhula, na mchezaji mwenye barua ya klabu apewe siku nyingine ya mtihani kama anavyopewa mgonjwa. Makocha, pelekeni ratiba zenu kwa mshauri wa wanafunzi kabla ligi haijaanza. Nawe mzazi, kabla hujamwamuru mwanao avue jezi, mwombe akuoneshe ratiba yake ya wiki nzima, muipitie pamoja.