Fimbo na Neno

Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto hujizuia kwa sababu ya kuogopa fimbo. Fimbo humzuia maadamu mwenye fimbo yupo. Akiisha kutoka, sukari huliwa.

Katika miaka ya 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alizuru vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, akawatazama watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Aliona ya kwamba mtoto anayemtumaini mama yake hamng'ang'anii kutwa, bali hutambaa mbali akachungua vitu, kisha humrudia. Tena mama walioweza kueleza kwa urefu habari za watoto wao ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa watulivu.

Naye Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka wa 1934, alionyesha jinsi usemi wa mkubwa unavyogeuka kuwa wa mtoto. Mama husema, "Ngoja, uji ni moto." Baadaye mtoto hujiambia mwenyewe kwa sauti, "Ngoja, moto," na huku mkono umekwisha kuelekea bakulini. Watu humcheka, nao wakosea. Mwishowe sauti hutoweka, na neno likabaki moyoni likimwamuru.

Basi mtoto asiyesikia ila "Wacha!" atajiambia nini akiwa peke yake? Kwa kazi hii Kikamba chatosha, Kijaluo chatosha, na Kigiriama vilevile. Lakini wako wazazi wanaomnyamazisha mtoto mpaka ajue Kiingereza.